Tumbo Dhaifu Mbele ya Sinia la Tende



Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, mizigo kutoka Mombasa hutufikia sisi tunaoishi bara. Jamaa zetu hutukumbuka kwa tende, zabibu kavu na korosho. Majirani zetu wa Maseno nao hawatuachi tupite bila ya kututilia mkononi njugu karanga za mashambani mwao na simsim, ambayo Waluo huiita nyim. Ni neema juu ya neema, alhamdulillahi. Lakini kwa mwenye tumbo dhaifu neema hii huja na mashaka, nami ni katika watu hao. Tangu ujanani tumbo langu hujaa gesi na kusokota kwa vyakula ambavyo wenzangu huvila bila ya kuvifikiria.

Mambo ya tumbo ni ya siri, na ningeliyanyamazia. Kilichonifanya nishike kalamu ni swali la mama mmoja wa hapa kwetu, ambaye alikuwa ameacha kuja kwenye futari ya pamoja. Aliniuliza kwa sauti ya chini: je, anayefuturu kwa maji na uji kwa kuwa tende humdhuru, amekosa fadhila? Kila akikataa, wenziwe humwambia, "Kula, dada, tende haina madhara, ni chakula cha Mtume." Basi akawa anakula kwa kuona haya, kisha hupinda kwa maumivu hata haiwahi tarawehe.

Swali lake lina jawabu mbili, moja ya dini na moja ya mwili, na zote mbili zinakubaliana.

Tuanze na dini. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akifuturu kwa tende mbivu, akizikosa hufuturu kwa tende kavu, na akizikosa hizo hunywa mafunda ya maji. Hii ni sunna iliyo njema, wala si faradhi, na saumu haiharibiki kwa kukosa tende. Basi mtu ambaye tende humdhuru, kwake yeye ni kama aliyezikosa. Maji yako mbele yake, na yamo katika sunna hiyo hiyo.

Dalili iliyo wazi zaidi ni kisa cha Ummul Mundhir, mwanamke wa Kiansari, kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mtume (s.a.w.) aliingia nyumbani kwake pamoja na Ali (r.a.), ambaye ndiyo kwanza apate nafuu ya maradhi. Palikuwa na vishada vya tende vilivyotundikwa. Mtume akala, na Ali alipoanza kula alimzuia kwa kuwa mwili wake ulikuwa bado dhaifu. Mwenyeji akapika shayiri na mboga ya majani, na Mtume akamwambia Ali ale hicho, kwani kinamfaa zaidi. Tazameni: tende ni zile zile, meza ni moja, mmoja anakula na mwingine anazuiwa, na anayemzuia ni Mtume mwenyewe. Ni nani basi atakayemlaumu mama yule kwa kikombe chake cha uji?

Ama jawabu ya mwili, ni hivi. Zabibu mbichi ni maji kwa kiasi cha sehemu nne katika tano. Ikikaushwa, maji huondoka na sukari na nyuzinyuzi hubaki zimesongamana, kwa hivyo gao moja la zabibu kavu ni sawa na magao kadhaa ya zabibu mbichi. Baadhi ya sukari za matunda hazifyonzwi vyema na kila utumbo. Zinazobaki huvuta maji na kuchachushwa na vijidudu vya utumbo mpana, na hapo ndipo gesi, msokoto na kuendesha huanza. Maseno iko kwenye mstari wa Ikweta, na mfungo wetu ni wa takriban saa 13 mwaka mzima. Tumbo lililokaa tupu muda huo likaangushiwa tende saba kwa mkupuo, si ajabu likalalamika.

Njugu nazo hazilingani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia, waliopima sukari hizi katika vyakula vingi, wameona kuwa korosho zinazo nyingi na njugu karanga zinazo chache. Hivyo huenda mtu akasumbuliwa na zawadi ya Kilifi na akaistahimili ya Maseno. Yule anayeambiwa kuwa njugu hunasa katika vifuko vidogo vinavyoota utumboni mwa watu wazima, na ajue kuwa utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18, haukuona kuwa walaji wa njugu na bisi walipatwa na uvimbe wa vifuko hivyo zaidi ya wengine. Asijiharimishie chakula kwa uvumi. Aangalie tumbo lake mwenyewe linasema nini.

Mimi hufanya hivi. Tende moja huirowesha tangu Alasiri, huimenya ganda, kisha huila polepole pamoja na maji. Zabibu huzirowesha vivyo hivyo, na hazizidi kijiko kimoja. Njugu huzisaga na kuzitia kidogo katika uji wa mtama. Chakula kipya hukijaribu peke yake, kidogo, siku isiyokuwa na safari. Na kikinikataa, hukiacha.

Hapa kina mama wanisikilize kwa makini. Njugu zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu, zitupwe, wala msidhani kukaanga kutaziponya. Sumu ya kuvu, aflatoksini, haiondolewi yote kwa moto. Mwaka 2004 sumu hiyo, ikiwa katika mahindi, iliua watu 125 huko mashariki ya Kenya. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, zisije zikamkaba. Mtu akila njugu akavimba midomo au pumzi ikabana, hilo si tumbo dhaifu. Ni mzio unaoweza kuua: akimbizwe hospitali, na asijaribu tena hata chembe. Na mwenye damu katika choo, choo cheusi kama lami, kukonda bila ya sababu, au maumivu yanayomwamsha usiku, asiridhike na uji na dua peke yake. Amwone daktari.

Nawageukia wenyeji wa futari. Ukarimu ni kumpa mgeni kinachomfaa. Ummul Mundhir hakuona kuwa tende zake zimedharauliwa. Aliinuka akapika kingine. Wekeni kando ya sinia bakuli la uji au ndizi mbivu, na mgeni akisema "hiki sikiwezi", muulizeni anachokiweza na yaishie hapo. Naye mgeni asikitie ila chakula cha watu. Mtume (s.a.w.) hakuwa akikiaibisha chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha.

Mama yule nilimjibu kuwa afuturu kwa maji kwa moyo mkunjufu, na kwamba kuulinda mwili aliopewa amana ni katika ibada. Jumamosi iliyofuata alikuja, akakaa pamoja na wenziwe, na chupa yake ya uji. Aliyekuwa akimshurutisha tende ndiye aliyemmiminia.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na atupe upole wa kuhudumiana. Amin.