Kupanda Uluguru kwa Miguu

Mtu akisimama mjini Morogoro na kuinua macho kuelekea kusini, huiona milima ya Uluguru imeusimamia mji kama ukuta. Jumamosi moja nalitoka alfajiri, nikashika njia ya kupanda Morningside, penye nyumba ya zamani ya Wajerumani.

Nyumba za mji zilipokwisha, njia ikawa ya kupanda tu, na mto Morogoro ukinguruma bondeni. Nikapishana na akina mama wakishuka sokoni na mizigo ya ndizi na mboga vichwani, wepesi wa miguu kama watu waliopo tambarare, nami nahema. (Viatu vya Jumapili havifai mlimani, nalijua hayo nimekwisha chelewa.)

Hata juu zaidi nikamwona mama mmoja akilima penye mteremko mkali, na udongo ukiporomoka kila alipopiga jembe. Nikajiona mwenye hekima, nikamwambia, “Mama, huoni udongo unakwenda? Maji ya milima hii huingia mto Ruvu, na watu wa Dar es Salaam huyanywa. Mbona huchimbi matuta ya ngazi?”

Akaliegemea jembe lake. “Mwalimu, shamba hili ni la ukoo wa mama zetu. Bibi yangu alilazimishwa kuchimba matuta hayo zamani za Waingereza. Udongo mwekundu usio na nguvu ukaja juu, ule mzuri ukafukiwa, na chakula kikapungua.”

Nikanyamaza, maana habari hiyo ni ya kweli. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta ya lazima, pakawa na ghasia, na serikali ikauacha mpango wake.

Akaendelea, “Msitu wa juu umekwisha kuwa hifadhi, wala hatulimi huko. Na hapa nisipolima, watoto wale nini? Hao wanywao maji, wametuletea nini?”

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nayanywa maji ya mlima ule kila siku, wala sijapata kuuliza yapita shambani mwa nani.

Ndipo aliponionyesha, chini kidogo, mistari ya majani aliyoipanda kwa mkono wake ili iushike udongo. Nalikuwa nimeyakanyaga nikija kumfundisha. Akanipa ndizi mbili za njiani, nikashuka polepole, viatu mkononi.