Napoli: kulala na michoro ukutani

Wadau, kwa mnaouliza nililala wapi Napoli: hoteli ndogo mjini kati, jirani na Via dei Tribunali, euro 60 kwa usiku, chai ya asubuhi humo humo. Mshahara wa mwandishi mnaujua.

Haikuwa chaguo langu la kwanza. Kwingine nilikuwa nimeshaweka nafasi kwa intaneti. Kijana wa mapokezi akanitazama, akatazama pasi yangu, akasema vyumba vimejaa. Wazungu wawili waliokuja nyuma yangu kuulizia tu wakapewa funguo. Nikabeba begi langu.

Huku nilikohamia, mama wa mapokezi alinipa ufunguo kwanza, ndipo akaomba pasi. Na kuta zake! Korido nzima imejaa kazi za wasanii wa mji ule. Chumbani kwangu kulikuwa na mchoro wa bahari mkubwa kuliko kitanda.

Yeye ndiye aliyenielekeza Pio Monte della Misericordia, nikaone Matendo Saba ya Huruma ya Caravaggio. Jamaa alitoroka Roma mwaka 1606 baada ya kuua mtu. Kati ya 1606 na 1607 akauchora mchoro huu, na hadi leo uko kwa taasisi ile ile uliyochorewa.

Mojawapo ya matendo hayo saba ni kumpa mgeni mahali pa kulala. Nilisimama pale muda mrefu. Somo hilo Wanapoli walichorewa na mkimbizi, na miaka 400 baadaye kuna anayelifuata na kuna anayelipita tu. Ukifika Napoli, nenda ukaone mwenyewe.