Julai mjini Kyoto: joto, upatu na samaki wa miiba

Hakuna mwezi ulio mgumu kwa mgeni katika mji wa Kyoto kama mwezi wa Julai; wala, ndugu msomaji, hakuna ulio mtamu kuliko huo. Mji huu wa Japani, uliokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu moja tangu mwaka 794, umejengwa katika bonde lililozungukwa na milima pande tatu. Joto likiingia humo hukaa, na unyevu hulifanya liwe kama mvuke wa chungu kilichofunikwa. Tarehe 19 Julai, 2018, kipimo kilifikia nyuzi 39.8. Hata hivyo, ni katika joto hilo hilo ndipo wenyeji hufanya sikukuu yao iliyo kubwa kuliko zote, Gion Matsuri, ambayo huanza tarehe mosi Julai na kumalizika tarehe 31.

SIKUKUU ILIYOZALIWA NA MARADHI

Usidhani kwamba sikukuu hii ilianza kwa furaha. Mwaka 869 maradhi ya kuambukiza yaliienea nchi, na watu wakaamini kwamba ni roho zenye hasira zilizoyaleta. Ikasimamishwa mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo la Japani ya wakati ule, yakafanywa maombi ili balaa liondoke. Kutokana na mikuki ile yakazaliwa, karne baada ya karne, magari ya fahari yanayokokotwa au kubebwa barabarani hivi leo.

Magari hayo yako 34. Ishirini na matatu hupita tarehe 17 Julai, na 11 yaliyobaki hupita tarehe 24. Yaliyo makubwa hufikia urefu wa mita 25 kwenda juu na uzito wa tani zipatazo 12. Mafundi huyaunga kwa kamba za mabua ya mpunga, bila kupigilia misumari, ili mbao ziweze kunesa kidogo gari linapotikisika. Ndani yake huketi wapiga filimbi, ngoma na upatu, na mlio wa upatu huo utausikia masikioni hata ukiwa umelala.

Ukitaka kuona ustadi wenyewe, simama penye njia panda ya Shijo na Kawaramachi tarehe 17. Magurudumu yake, yenye kimo cha mtu mzima, hayawezi kukata kona. Kwa hiyo hutandikwa vipande vya mianzi iliyopasuliwa, vikamwagiwa maji, kisha wavutaji hulivuta gari kwa ubavu, kwa sauti moja, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, hadi lielekee njia mpya. Likigeuka, umati wote hupiga makofi.

Tazama pia mapambo. Gari liitwalo Koi-yama limevikwa pazia lililofumwa Ubelgiji katika karne ya 16, lenye picha za vita vya Troya. Mengine yana mazulia ya Uajemi na ya Bara Hindi. Wafanyabiashara wa mitaa hii walikuwa wakishindana kuipamba sikukuu yao kwa vitu vilivyovuka bahari.

MEZA YA MAJIRA YA JOTO

Jioni za tarehe 15 na 16 Julai barabara za katikati ya mji hufungwa, magari ya moto yasipite. Kandili za karatasi huwashwa kwenye magari ya fahari, na familia nzima nzima hutoka zimevaa yukata, yaani kanzu nyepesi za pamba, na viatu vya mbao vinavyolia kama mitalawanda. Hapo ndipo tumbo linapopata haki yake. Vibanda huuza mahindi ya kuchoma yaliyopakwa mchuzi wa soya, ngisi wa kuchoma, tambi za kukaangwa, na vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani. Watoto hugombania barafu iliyokwanguliwa na kumwagiwa shira ya rangi.

Utaona pia matango yaliyotiwa chumvi na kuchomekwa kijiti, yakiwa baridi kama maji ya mtungi. Lakini waumini wengi wa hekalu la Yasaka, wenye sikukuu, hawali tango mwezi mzima wa Julai, kwa sababu tango likikatwa hufanana na nembo ya hekalu lao. Basi kibanda humlisha mgeni kile ambacho mwenyeji amejinyima.

Chakula cha heshima cha mwezi huu ni hamo, samaki mrefu wa jamii ya mikunga. Kyoto iko mbali na bahari, na zamani, kabla ya reli na barafu, samaki wengi waliharibika njiani. Hamo alikuwa mgumu wa roho, akafika mjini akiwa hai. Taabu yake ni miiba midogo isiyohesabika. Mpishi humkata kwa kisu kizito, mara ishirini na zaidi katika kila sentimita tatu, bila kuipasua ngozi. Akitumbukizwa katika maji ya moto hufunguka kama ua jeupe, akaliwa baridi kwa mchuzi wa tunda chachu liitwalo ume.

Mikahawa iliyo kando ya Mto Kamo hujenga majukwaa ya mbao juu ya kijito kilicho pembeni mwa mto, ili wateja wale huku wakipungiwa na upepo. Mengi ni ghali. Mfanyakazi mwenye mfuko mwepesi asihuzunike: anunue chakula chake dukani pamoja na chai baridi ya shayiri, akaketi ukingoni mwa mto bila malipo, kama wafanyavyo vijana wa mji wenyewe.

NI SIKUKUU YA NANI?

Kila gari ni mali ya mtaa wake, na mtaa ndio unaolitunza. Mwaka 1864 moto wa vita uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na gari liitwalo Ofune-hoko likaungua. Watu wa mtaa huo waliyahifadhi mapambo yaliyookolewa, wakawa wakiyaonyesha watoto na wajukuu, hata gari likarudi barabarani mwaka 2014, baada ya miaka 150. Gari jingine, Taka-yama, lilirudi mwaka 2022 baada ya kukosekana tangu 1826.

Siku hizi mzigo huo ni mzito. Katikati ya mji maofisi yamechukua nafasi ya nyumba nyingi, na magari mengi hukokotwa kwa msaada wa wanafunzi na watu wa kujitolea. Joto nalo lilifuta mojawapo ya maandamano ya tarehe 24 Julai, 2018. Tena mwaka 2020 na 2021 sikukuu iliyozaliwa na maradhi ilizuiwa na maradhi: hakukuwa na msafara wa magari kwa sababu ya UVIKO. Hata hivyo, mwaka 2021 baadhi ya mitaa iliyaunga magari yake bila kuyatembeza, ili vijana wasikose kujifunza mafundo.

Mwaka 2023 viliwekwa viti maalumu vya yeni 400,000 kimoja kwa watalii matajiri, mjadala ukazuka: je, haya bado ni maombi ya watu wa mtaa, au yamekuwa tamasha la kuuzwa? Swali jingine ni la wanawake, ambao magari kadhaa sasa yamewafungulia mlango, lakini Naginata-hoko, linalotangulia msafara, bado halijawaruhusu kupanda.

Ukienda, ndugu msomaji, usiondoke mara tu msafara unapokwisha tarehe 17. Fuata gari hadi mtaani kwake. Inaaminika kwamba limekwisha kuzoa mabaya yote ya barabarani, kwa hiyo hufunguliwa siku hiyo hiyo, kamba kwa kamba. Kabla ya hapo, nunua chimaki, kago la majani ya mwanzi. Jina lake ni sawa na la kitumbua cha mchele, lakini hili haliliwi; hutundikwa juu ya mlango kuikinga nyumba na maradhi mpaka Julai nyingine.