Baiskeli ya Mwadhini Wetu

Sifa njema zote zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW). Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kusoma habari za ndoa na malezi. Leo tunaomba radhi, kwani tumekuja na jambo linaloonekana dogo: matairi mawili na mipira miwili ya kushikia usukani wa baiskeli.

Msikiti wetu umo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini. Mwadhini wetu, mzee wa makamo ya baba zetu, anaishi Ng'ambo, na kila alfajiri huja kwa baiskeli ambayo muumini mmoja aliitoa wakfu kwa ajili ya kazi hiyo. Ni baiskeli ya mtumba, ya bei nafuu, ya aina iitwayo ya mlima, ingawa Unguja yetu haina mlima wa kuupanda.

Katika kikao cha mwezi wa Rajabu mzee alitueleza kwa adabu kwamba matairi yamekuwa vipara na kwamba mpira wa mkono wa kulia unazunguka anapoushika. Sisi wajumbe tulikuwa tumeshughulishwa na rangi ya kuta na mazulia ya Ramadhani. Mmoja wetu akasema Allah ndiye Mlinzi, nasi sote tukaitikia. Kalamu ya katibu ikaandika: "Limeahirishwa hadi kikao kijacho." Katika mwezi wa Shaabani ikaandika hivyo hivyo tena. Kalamu hiyo ndiyo hii inayoandika makala haya.

Shawwali ilipoingia, mvua za masika zilikuwa zimeshika. Siku moja adhana ya Alfajiri ilichelewa, na ilipotoka ilikuwa sauti ya kijana. Baada ya sala tulitoka kumtafuta mzee, tukamkuta amekaa barazani karibu na Darajani, kanzu imerowa, mkono mmoja umevimba kifundoni. Tairi la mbele lilikuwa limeteleza kwenye kona. Alipoukaza mkono ili ajizuie, mpira ulichomoka kwenye usukani, akaanguka nao. Bado alikuwa ameuweka mapajani.

Hakutulaumu. Alisema tu: "Katibu, mwanangu, mtuombee radhi kwa jamaa. Leo nimewachelewesha."

Mfupa ulikuwa umevunjika. Tuliporudi kutoka hospitali, tulikumbuka somo ambalo kila mtoto wa madrasa analijua: yule mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mola wake, naye Mtume (SAW) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Sisi tuliosoma hadithi hiyo chuoni kwa sanadi na sharhe zake tulimwacha ngamia bila kamba, kisha tukauita uzembe wetu tawakkul.

Tuliipeleka baiskeli kwa fundi tukidhani atatwambia tununue nyingine. Aliigonga chuma chake, akazungusha ringi, akajaribu breki, akasema: "Maalim, chuma hiki kizima. Kilichokufa ni kinachogusa barabara na kinachogusa mkono."

Mzee, aliyekuwepo na mkono wake ndani ya plasta, alipendelea matairi yenye kashata kubwa, akiyaona yana nguvu. Fundi alitikisa kichwa. Kashata kubwa ni za matope laini. Juu ya lami na mawe yaliyorowa, ni vichwa vyake vichache tu vinavyogusa chini. Alichagua yenye ukanda wa mpira usiokatika katikati na kashata ndogo pembeni, kwa ajili ya njia za mchanga za Ng'ambo. Alilinganisha kipimo kilichoandikwa ubavuni, 26 kwa 1.95, na upana wa ringi. Alipapasa ndani ya tairi ahakikishe tyubu haikubanwa, kisha akajaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa papo hapo ubavuni, si kwa kubahatisha na kidole gumba.

Mipira ya zamani aliichana kwa kisu, akaisugua ncha ya usukani kwa spiriti mpaka jasho na mafuta ya miaka yakatoka. Alituonya tusipake mafuta kamwe ili mpira uingie kwa urahisi, kwani mafuta hubaki ndani na mpira huzunguka. Spiriti hulainisha kwa muda mfupi, kisha hukauka na mpira ukashika. Mwisho alitia vizibo, kwa kuwa bomba la usukani lililo wazi huweza kumkata mtu anapoanguka.

Gharama yote haikufikia bei ya zulia moja kati ya yale tuliyoyajadili vikao viwili.

Enyi wazazi, watoto wetu wengi huenda madrasa na skuli kwa baiskeli za namna hii. Jioni ya leo, kabla ya Magharibi, shikeni mipira ya usukani muizungushe kwa nguvu. Ikizunguka, msingoje. Tazameni kashata za matairi, na bonyezeni breki. Mtoto akisema kitu kimelegea, msimwambie kesho.

Mzee alirejea kazini mwezi wa Muharram. Kifundo chake hakijanyooka sawasawa, na anapoinua mikono kwa dua baada ya adhana, mmoja hubaki chini kidogo kuliko mwingine. Sisi tunaosimama safu ya mbele tunauona kila alfajiri.

Wabillahi tawfiq.