Ukuta Naujua

Miradi ya wanafunzi wa elektroniki haitumiki na haitupwi. Inaishia kwenye maboksi ya viatu juu ya makabati ya maabara, kila boksi na jina la mtu aliyehitimu zamani. Kila mwaka mkuu wa idara anaagiza yaondolewe, na kila mwaka yanabaki palepale. Nimefundisha kwenye chuo cha ufundi Dar es Salaam muda wa kutosha kuyajua mengi kwa sura. Ukiyapanga kwa miaka, unaona jinsi maikrokontrola ilivyozidi kuwa rahisi, na unaona pia nchi ilikuwa inasumbuliwa na nini.

Mimi nilisoma katikati ya miaka ya 1990, enzi za 8031. Chipu hiyo ya Intel haikuwa na mahali pa kuhifadhi programu ndani yake. Ulilazimika kuiwekea EPROM pembeni, kati ya hizo mbili ukaweka aisii nyingine, 74LS373, na vyote ukaviunganisha kwa msitu wa waya. EPROM ilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni. Ukitaka kufuta kilichomo, unaitia kwenye sanduku lenye taa ya miale ya urujuanimno, unasubiri dakika kama 20, kisha unaandika upya. Sanduku lilikuwa moja, darasa zima linalitegemea. Ukikosea tarakimu moja unarudi mwisho wa foleni.

Kwa hiyo tuliandika programu kwa penseli, kwenye daftari, tukazipitia mstari kwa mstari kabla ya kuigusa chipu. Kidirisha tulikiziba kwa stika ili jua lisije likafuta kazi polepole. Na baada ya taabu yote hiyo, mradi wangu ulikuwa nini? Taa za njia panda: nyekundu, njano, kijani. Nusu ya darasa ilitengeneza hizohizo, nusu iliyobaki ikatengeneza saa za dijitali. Hakuna mtahini aliyetuuliza vitamsaidia nani. Kuwaka tu kulikuwa habari.

PIC16F84 ilipotufikia, kuelekea mwaka 2000, sanduku la taa likaanza kuota vumbi. Chipu hii ya miguu 18 ilifutwa kwa umeme, kwa sekunde chache, na kifaa cha kuiandikia ungeweza kukijenga mwenyewe kwa rezista na transista chache ukakichomeka nyuma ya kompyuta. Nafasi ya programu ilikuwa maneno 1024, kumbukumbu ya kufanyia kazi baiti 68, amri 35 tu. Mwanafunzi makini aliweza kuibeba yote kichwani. Kampuni iliyoitengeneza, ya kule Arizona, ilikuwa ikitoa sampuli bure kwa wanafunzi. Walioweza kuingia intaneti kafe waliomba kwa S.L.P. ya chuo, na bahasha ikifika, wote tunaizunguka kuitazama.

Vipuri vingine vilitoka kwa mafundi wa redio na TV, Kariakoo na vitongojini. Kwao ulijifunza usichofundishwa darasani.

"Shikamoo mzee. Una kristali ya megahezi nne?"

"Marahaba. Ya nne kamili sina. Chukua hii ya TV, nne nukta nne tatu. Itakuendea."

Na kweli ilienda. Ni kristali ya rangi, imo kwenye TV nyingi za mfumo wa PAL. Ila chipu hupimia muda kwa kristali, kwa hiyo programu iliyoandikwa kwa megahezi 4 ikiwekewa hiyo, saa yako inatangulia zaidi ya dakika 6 kila saa moja. Ukizitazama saa za maboksi ya miaka ile, unaweza kubahatisha ni ipi iliyolishwa kwa TV mbovu.

Halafu maboksi yanabadilika ghafla. Mwaka 2006 mvua zilikuwa zimekataa, bwawa la umeme la Mtera likapungua, na mgawo wa umeme ukaingia kila nyumba. Mwaka huo na uliofuata, wanafunzi walisahau taa za njia panda. Kila mtu alikuwa anatengeneza swichi ya kuhamisha umeme yenyewe: wa TANESCO ukikatika, maikrokontrola inawasha jenereta, inasubiri itulie, kisha rilei inahamisha nyumba upande wa pili. Ukirudi, inafanya kinyume. Kwangu mimi hapo ndipo mradi wa chuo ulipotoka maabara. Wazazi waliokuja mahafali walikuwa wanauliza bei.

Baada ya hapo simu. Kabla moduli za GSM hazijazagaa madukani, vijana walikuwa wanatafuta simu kuukuu za Siemens, hasa C35, kwa sababu ukiichomekea waya chini unaweza kuipa amri kwa herufi, nayo ikatuma SMS. Simu iliyopasuka kioo, iliyokwisha kutupwa kwenye droo, ikawa mali. Kuzima pampu kwa SMS ukiwa Mbezi wakati kisima kiko Bagamoyo! Walioonyesha hivyo walipigiwa makofi, na walistahili.

Bodi ya Arduino nilianza kuiona mikononi mwa wanafunzi miaka michache baada ya kebo za baharini kufika pwani yetu mwaka 2009 na intaneti kuanza kushuka bei. Hapa nitoke nje ya njia kidogo, maana ni jambo linalonifurahisha. Chipu ya Arduino Uno, ATmega328P, ni ya ukoo wa AVR, ulioanzia kwa wanafunzi wawili wa Trondheim, Norwei, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Programu ya kuiandikia inatokana na Wiring, kazi ya shahada ya uzamili ya Hernando Barragán kutoka Kolombia, aliyekuwa akisoma Ivrea, Italia. Waliotoa Arduino mwaka 2005 walikuwa mjini humohumo, na jina walilichukua kwenye baa. Basi kifaa ambacho wanafunzi wetu wanafanyia miradi ni mradi wa wanafunzi juu ya mradi wa wanafunzi.

Iliyotufikia sisi, lakini, ilikuwa nakala ya Kichina yenye chipu ya USB ya CH340, na wiki ya kwanza ya muhula iliishia kwenye kutafuta draiva.

Walimu wa rika langu hulalamika. Kijana anaandika mistari mitatu, anachukua maktaba ya programu iliyotengenezwa na mtu mwingine, skrini inaonyesha nyuzi joto 31, naye hajui rejista hata moja. Ni kweli hajui. Mimi sina hasira naye. Sisi tulizijua zile baiti 68 moja moja, na zilitumaliza nguvu zote. Tena ugumu haukuisha, umehama tu. Zamani ulikuwa ndani ya chipu, siku hizi umetoka nje, kwenye umeme, maji, joto na watu.

Mfano ni SIM800L, moduli ndogo ya GSM ambayo kila mwanafunzi anaipenda kwa bei yake. Inapotafuta mtandao hunyonya hadi ampea 2 kwa mkupuo. Mwanafunzi anaipa umeme kutoka kwenye Arduino, volti zinaanguka, kila kitu kinazima na kuanza upya, naye anakesha akitafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa. Au vile vihisi vya unyevu wa udongo vyenye meno mawili, vya miradi ya umwagiliaji. Vinafanya kazi vizuri sana siku ya maonyesho. Viache shambani na umeme ukipita muda wote, baada ya wiki chache meno yameliwa. Mashine za kutotolesha vifaranga ndizo ngumu kuliko zote: programu ya kushika nyuzi 37.5 inaandikwa mchana mmoja, lakini mayai yanataka siku 21 bila kukatikiwa umeme, na rilei ya bei nafuu inaweza kunata usiku wa manane.

Kisha kuna fimbo ya wasioona. Haupiti mwaka bila fimbo hiyo: kihisi cha HC-SR04 kinachopima umbali kwa mawimbi ya sauti, toka sentimita 2 hadi mita 4, kimefungwa kwenye bomba la plastiki, na king'ora kinacholia ukikaribia kitu. Nimezipa alama nyingi mno fimbo hizo, na ilinichukua muda kugundua kwamba wote wanaozijenga wanaona. Msichana mmoja nikamwambia asirudi ofisini kwangu mpaka ampelekee mtu asiyeona.

Alimpata mzee jirani na kwao, Temeke. Mzee aliishika, akatembea nayo uani, ikalia mbele ya ukuta, ikalia mbele ya mlango. Akamrudishia.

"Mwanangu, ukuta naujua. Mimi naogopa mtaro."

Msichana alirudi amenuna. Nikamwambia hiyo ndiyo sura ya kwanza ya ripoti yake. Aliteremsha kihisi, akakielekeza chini mbele ya miguu, akabadilisha hesabu: badala ya kulia umbali ukipungua, ilie ukiongezeka ghafla, au mwangwi usiporudi kabisa. Kwa mzee ilifanya kazi, kwa sababu njia yao ni mchanga na kokoto, na ardhi ya namna hiyo hurudisha mwangwi. Siku ya kutetea mradi ukumbi ulikuwa na vigae laini. Sauti ikipiga kigae kwa mshazari inateleza na kwenda zake, kwa hiyo fimbo iliona shimo kila mahali na kulia mfululizo. Alieleza sababu bila kutetereka, akaliomba jopo litoke nje. Wakatoka, wengine wakinung'unika juu ya jua, wakaiona ikinyamaza kwenye changarawe na kulia kwenye ukingo wa mtaro wa kantini. Walimpa B+. Walisema king'ora kina kelele mno, na hapo niliwaunga mkono. Alama yenyewe, ningekuwa mimi, ningempa A. Muhula uliofuata aliondoa king'ora akaweka mota ya mtetemo iliyotoka kwenye simu mbovu, na mzee sasa analalamikia betri.