Mjomba anataka bunduki nyepesi

Najua nimepotea, kumradhi. Nilikuwa Kibiti, na kabla ya hiyo safari nilikuwa na kibarua ambacho sikukitegemea kabisa: kumtafutia mjomba wangu bunduki.

Msishtuke. Mjomba si jambazi. Ni kaka yake mama, mkulima wa mpunga kule delta ya Rufiji, mzee wa miaka sitini na kitu. Alinipigia simu usiku. Baada ya shikamoo, marahaba na kuulizia hali ya mama, akaingia kwenye shida yake moja kwa moja.

"Mjomba, wewe uko Dar, una hiyo intaneti. Nitafutie bunduki nyepesi. Bega langu bovu siku hizi. Na nasikia wazungu wana kidude wanafunga kwenye mtutu kinapunguza mlio. Niulizie bei, nami nitajikusanya pole pole."

(Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba. Msichanganyikiwe.)

Kama hujawahi kulima mpunga huwezi kuelewa kwa nini mzee anaota bunduki. Mpunga ukikaribia kukomaa, familia nzima inahamia shambani. Asubuhi mnafukuza ndege, mchana mnafukuza nyani na tumbili, usiku ndio zamu ya nguruwe pori na viboko. Mnalala kwenye dungu, yaani kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, chini mmekoka moto, pembeni kuna debe la kugonga. Msimu uliopita mjomba alishikwa na homa, akalala nyumbani usiku mbili tu. Nguruwe walimmalizia nusu ya shamba. Na ukumbuke kule watu wengi ni Waislamu, nguruwe haliwi. Ukimuua humpeleki jikoni wala sokoni. Kwa hiyo mzee hakuwa anatafuta kitoweo. Alikuwa anatafuta usingizi.

Basi nikaanza kazi. Mimi naandika habari za michezo na jamii, bunduki naziona viunoni kwa walinzi wa benki tu. Nilisoma wiki nzima. Niliyoyapata ni haya.

Kwanza, wepesi una gharama yake. Bunduki nyingi za kuwindia zina uzito wa kilo tatu na nusu mpaka nne, ukiongeza darubini. Zile zinazoitwa nyepesi hazifiki kilo tatu. Mfano ni Tikka T3x Lite inayotengenezwa Finland, ambayo wawindaji wa bajeti ya kati wanaisifia sana. Lakini fizikia haina huruma: risasi ileile ikitoka kwenye bunduki nyepesi, teke linalorudi begani linakuwa kali zaidi. Kwa hiyo mzee mwenye bega bovu akinunua bunduki nyepesi yenye risasi kubwa, atakuwa amenunua maumivu. Dawa yake ni kupunguza risasi, siyo uzito peke yake. Hapo napo kuna mpaka. Ile ndogo kabisa ya .22 inafaa sungura na ndege. Kwa nguruwe pori dume ni kumjeruhi tu, halafu uingie kwenye matete gizani kumtafuta mnyama mwenye hasira. Na kama shida ni kiboko, wawindaji wenyewe hawamsogelei na kitu kilicho chini ya .375, ambayo ni bunduki nzito na ina teke la punda.

Pili, hicho kidude. Kwa Kiswahili tunakiita kiwambo cha kuzuia sauti, na wengi wetu tumekijulia kwenye riwaya za kipelelezi na sinema, ambako bastola inatoa "pyuu" kama mtu anapiga chafya. Loh, tumedanganywa! Mlio wa bunduki ya kuwindia unafika kama desibeli 160. Kiwambo kizuri kinapunguza 20 mpaka 30 hivi. Ukitoa, bado unabaki na mlio mkubwa ambao jirani wa kijiji anausikia. Tena risasi yenyewe inakwenda kasi kuliko sauti, mara mbili na zaidi, kwa hiyo inapasua hewa njiani na ule mpasuko hakuna kiwambo kinachouzuia. Anayenufaika hasa ni mwenye bunduki. Sikio la binadamu linaweza kuharibika kwa mlio mmoja tu unaozidi desibeli 140, na ndiyo maana Norway kiwambo kinauzwa kwa wawindaji kama kifaa cha kawaida, na Uingereza nako wengi wanakitumia, kwa ajili ya masikio.

Hapo nikaanza kumwelewa mzee. Miaka ya themanini alikuwa kibarua wa kufuatana na askari wa wanyamapori, na mara kadhaa alipewa bunduki apige. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri mpaka leo. Sikujua kwa nini la kushoto. Kumbe mtu anayelenga kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea zaidi kwenye mdomo wa mtutu. Miaka yote tumekuwa tukimtania kwamba hasikii akiombwa hela!

Nikakutana na jambo jingine likaniacha mdomo wazi. Kiwambo kilichoanza kuuzwa kwa wingi kilitengenezwa na Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza yake mwaka 1909. Baba yake ni Hiram Maxim, yule aliyetengeneza bunduki ya rashasha ya Maxim. Sasa kaa hapo ufikiri. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Mohoro, hukohuko Rufiji, Agosti 1905, kwa sababu alikuwa akigawa maji ya kugeuza risasi kuwa maji. Mwezi uleule huko Mahenge wapiganaji wa Maji Maji walifyekwa kwa rashasha. Baba katengeneza ya kuua kwa wingi, mtoto katengeneza ya kuua bila kelele, na mimi mjukuu wa Rufiji nimekaa kwenye intaneti nauliza bei.

Haya, tuendelee. Nikaenda duka moja la silaha hapa mjini. Jamaa wa pale alinipokea vizuri mpaka nilipotaja kiwambo. Akanyamaza. Akanitazama usoni, kisha begi, kisha viatu.

"Wewe kaka unatoka wapi?"

"Nipo hapahapa Dar. Ila bunduki ni ya mjomba, yuko Kibiti."

"Kibiti?" Akacheka kidogo, siyo kicheko cha furaha. "Nakushauri kama mdogo wangu. Bunduki, mzee aanze kuomba kijijini kwake, apite kata, wilaya, polisi wamchunguze, akipata kibali mlete. Hicho kingine usikitaje tena mahali popote. Na usikitaje pamoja na neno Kibiti."

Nilitoka pale nimekasirika kidogo. Lakini nikiwa kwenye daladala hasira zikaisha, nikabaki na aibu. Mimi mwandishi wa habari, nilisahauje?

Kwa wale mliokuwa wadogo au nje ya nchi: kati ya 2015 na 2018, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilikuwa sehemu za kuogopwa. Watu wasiojulikana walikuwa wanaua. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makada wa chama, polisi. Wengine walifuatwa usiku majumbani wakapigwa risasi mbele ya familia zao. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa mara moja Mkengeni, na silaha zao zikachukuliwa. Bodaboda zikapigwa marufuku kutembea usiku. Watu walihama, na wengine walipotea hadi leo ndugu zao wanauliza. Novemba 21 mwaka huohuo, mwandishi mwenzetu Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia Mwananchi kutoka Kibiti na aliyeandika habari za mauaji hayo, alitoweka. Hajarudi. Mimi sikuwahi kukutana naye, lakini kila nikipita Kibiti namkumbuka, na nadhani kila mwandishi wa rika langu ndivyo.

Nikaona mambo haya siyo ya simu. Jumamosi nikapanda basi Mbagala Rangi Tatu. Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti. Kibiti nikachukua bodaboda mpaka Nyamisati, kutoka pale ni boti. Kijiji sikitaji. Nilifika jioni maji yanajaa, mikoko imezama mpaka kiunoni, na mzee amekaa uani anasuka ukili.

Nilimweleza yote kwa mpangilio kama mhadhiri. Uzito, teke, .22, .375, desibeli. Akasikiliza kwa sikio lake la kulia. Nilipofika kwenye duka na yule jamaa, akaacha kusuka.

"Amesema kweli huyo," akasema. "Mimi nilifikiria masikio yangu tu. Sikufikiria ya wenzangu."

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Mwaka 2017 hakulala dungu hata usiku mmoja. Hakuna aliyelala. Wakiwasha moto shambani wanaogopa wataonekana, wasipowasha wanaogopa nguruwe na nyoka. Watu wakakaa ndani, taa zimezimwa, wakisikiliza. Mlio ukisikika, watu wanahesabu: umetoka upande gani, kwa nani. Asubuhi ndiyo wanajua.

"Lakini mjomba," akasema, "mlio ulikuwa unatutisha, ila ulikuwa unatuambia. Sasa fikiria mimi nipate hiyo bunduki ya kunong'ona. Nimeua nguruwe wangu, nimefurahi. Jirani akijua kwamba kijiji hiki kuna mtu ana bunduki isiyosikika, atalala tena? Mkewe atakubali atoke nje usiku kwenda chooni? Hapana. Mimi nikipiga, nataka watu waseme: yule ni fulani, yuko shambani kwake, nguruwe wamekuja. Nikipiga kimya watasema nini?"

Sikuwa na jibu. Wiki nzima nimesoma faida na hasara za kiwambo, uzito wake wa nusu kilo mbele ya mtutu, namna kinavyopunguza hata teke, na hakuna ukurasa hata mmoja ulioniambia hili. Hao walioandika wanaishi mahali ambapo shida ya mlio ni kumwamsha jirani. Huku shida ni jirani kutoamka.

Usiku ule tulilala dungu. Na hapo nikamuuliza la mwisho: kwa nini bunduki basi, kwa nini wasitegemee debe peke yake? Akanikumbusha simba. Kati ya 2002 na 2004 simba aliyepewa jina la Osama aliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji, mpaka alipouawa Aprili 2004 na kukutwa na jino bovu lenye jipu. Watafiti wakina Craig Packer waliandika mwaka 2005 kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560, na wakaonyesha kuwa nguruwe pori ndio chanzo kikubwa: nguruwe anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na njiani anamkuta mkulima amelala kwenye kibanda chake. Kwa hiyo mzee anapotaka kummaliza nguruwe, hesabu yake ni ndefu kuliko gunia la mpunga.

Tumekubaliana hivi. Kiwambo, tumekifuta. Bunduki, ameamua kutoomba kwa sasa. Amesema bega lake na mfuko wake vyote vimekataa, na hataki kuwa mzee mwenye silaha ndani ya nyumba ya miti ambayo mtu anaweza kuivunja kwa teke. Yeye na majirani wanane watapanga zamu za madungu ili mgonjwa asiachiwe shamba likaliwa, na mwenyekiti amekwenda wilayani kuomba askari wa wanyamapori waje kabla mpunga haujakomaa badala ya baada. Wakija, mjomba ndiye atakayewaonyesha mapito ya nguruwe. Kwa ajili hiyo nimemnunulia vizibo vya masikio, vile laini vya kubonyeza. Jozi tano, kwa bei ndogo kuliko nauli ya kutoka Mbagala hadi Kibiti. Nilimwambia: hiki ndicho kiwambo chako, unakifunga kichwani kwako na kijiji kinabaki kinasikia.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza kama atasikia nguruwe wakija akiwa ameviziba. Swali zuri. Nikamwambia aweke sikioni pale tu askari anapoinua bunduki.

Kama saa nane hivi debe liligongwa mashamba ya ng'ambo ya mto. Mjomba hakusikia, alikuwa amelalia sikio la kulia. Nikamwamsha, akachukua fimbo, na sisi tukagonga letu. Nguruwe hawakuja upande wetu. Sikulala tena mpaka alfajiri, na nadhani ni usiku wa kwanza maishani mwangu nimeshukuru kelele.

Tuombeane heri. Na mpunga ukivunwa salama nitawaambia. Alamsiki.