Nyumba ya mawe alikolia Iniesta

FUENTEALBILLA ni kijiji kidogo mkoani Albacete, kusini mashariki mwa Hispania. Wakazi wake ni kama 2,000, na mashamba ya mizabibu yamekizunguka. Hapo ndipo alipokulia Andrés Iniesta. Baba yake, José Antonio, alikuwa fundi mwashi, na familia ya mama yake, Mari, ilikuwa na baa kijijini.

Mwaka 1996, Andrés akiwa na miaka 12, aling'ara na timu ya watoto ya Albacete kwenye mashindano ya Brunete, karibu na Madrid. Barcelona wakamtaka. Kutoka kijijini hadi huko ni takribani kilomita 500.

Alifikia La Masia, nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1702 wakati eneo hilo lilikuwa mashamba. Jiji lilikua likaizunguka, na uwanja wa Camp Nou ukajengwa jirani yake. Tangu 1979 klabu ilikuwa ikiitumia kama bweni la vijana wanaotoka mbali.

Usiku wa kwanza mtoto alilia. Wazazi wake walikuwa hotelini, karibu na hapo, nao hawakulala. Baba alitaka kurudi kumchukua mwanawe waende zao nyumbani. Mama ndiye aliyemzuia, akisema kijana apewe nafasi ajaribu kwanza. Hadi leo Iniesta anaitaja siku ile kuwa miongoni mwa siku mbaya kabisa maishani mwake.

Alibaki, na akakaa Barcelona miaka 22. Alicheza mechi 674 na kutwaa ubingwa wa Ulaya mara nne na wa Hispania mara tisa.

Lakini mafanikio hayakumkinga na maradhi. Mwaka 2009, muda mfupi baada ya Barcelona kutwaa makombe matatu msimu mmoja, alianza kujisikia vibaya bila kujua sababu. Vipimo havikuonyesha tatizo. Agosti mwaka huo rafiki yake Dani Jarque, nahodha wa Espanyol, alifariki ghafla kwa tatizo la moyo akiwa na miaka 26. Hali ya Iniesta ikazidi kuwa mbaya. Ilikuwa sonona.

Wazazi wake wamesimulia kwamba usiku mmoja alikwenda kuwaomba alale nao. Alikuwa na miaka 25, na bingwa wa Ulaya. Hawakumcheka wala kumwambia ajikaze. Walielewa kwamba mtoto wao anaumwa. Naye akaomba msaada klabuni, akaanza kuonana na mwanasaikolojia.

Julai 11, 2010, mjini Johannesburg, alifunga bao lililoipa Hispania Kombe la Dunia. Alipovua jezi, fulana ya ndani ilikuwa na maandishi ya kumkumbuka Jarque.

Kwa mzazi mwenye mtoto bweni au kwenye kituo cha michezo, dalili za kuangalia ni hizi: usingizi kuvurugika, hamu ya kula kupungua, kujitenga, na kuchukia vitu alivyovipenda. Zikidumu wiki mbili au zaidi, mpeleke kwa mtaalamu wa afya. Akisema hataki kuishi, usisubiri hata siku moja. Na anapopiga simu, usimuulize alama tu. Muulize analalaje.

Mei 20, 2018, Iniesta alicheza mechi yake ya mwisho Barcelona. Mashabiki walipoondoka, alirudi uwanjani peku, akaketi peke yake katikati ya Camp Nou hadi usiku wa manane. Nje, hatua chache kutoka hapo, ile nyumba ya mawe ilikuwa bado imesimama. Tangu 2011 hailazi tena watoto, kwani bweni limehamia Sant Joan Despí, nje kidogo ya jiji. Huko nako kuna watoto wanaolala mbali na kwao.